Salamu Zisizofika Malindi

Msambweni, Jumatano, baada ya alasiri

Mwanangu Mwanasiti,

Barua hii haianzi na salamu. Najua utashangaa, maana mimi ndiye niliyekufundisha kwamba barua isiyo na salamu ni kama mgeni anayeingia ndani bila hodi. Ukifika katikati utajua kwa nini nimeziacha.

Nimekaa kibarazani nyuma ya nyumba. Mamako yuko uani anapika mkate wa sinia wa kukutosha wewe na basi zima, na wewe umekwenda kuaga majirani. Ya kuvaa, ya kula, ya kuwa mwangalifu na maji ya kunywa, yote nimemwachia yeye. Amekwisha kukuambia mara tatu na kesho asubuhi atakuambia ya nne. Mimi nina jambo moja tu, nalo limenichukua miaka kumi na saba kulianza, kwa hiyo univumilie nikizunguka kidogo.

Kwanza nikuambie hali yangu, kwa sababu kesho utanitazama na utaniona mkavu. Mamako atalia, jirani zako watalia, na mimi nitakushika mkono nikuambie, "Haya, Mungu akusitiri," kama vile unakwenda Ukunda kununua sukari. Usidhani sikupendi. Nina ganzi. Umewahi kuukalia mguu hata ukausahau, ukiugusa ukawa kama si wako? Ndivyo nilivyo ndani, na si tangu jana. Ni tangu matanga ya bibi yako. Nacheka mkicheka, naswali, napika, lakini mambo hunifikia kwa mbali. Ulipopata ile barua ya kupangiwa shule Lamu, mamako alipiga vigelegele hata kuku wakatawanyika. Mimi nilisema "Alhamdulillahi" nikaenda kuchochea moto. Nilijua kwamba ile ni furaha, ila sikuisikia.

Daftari lako nimelisoma. Uliliacha wazi mezani, na mimi ni mtu wa kusoma kilicho wazi. Umeandika: Mombasa siku tatu, kwa shangazi. Ngome, asubuhi. Mji wa Kale, jioni. Siku ya nne, basi la Malindi, kushuka njiani kuona magofu ya Gede. Malindi, usiku mmoja. Halafu Lamu, wiki nzima ya kutembea kabla shule haijafunguliwa. Ulimwambia mamako kwamba huwezi kuwafundisha watoto habari za miji usiyopata kuiona, na kwamba sasa serikali ni yetu na miji ni yetu, basi ni aibu kuijua kwa kitabu. Nilikubaliana nawe, ingawa hukuniuliza. Na chini kabisa ya ukurasa umeandika maneno mawili na kuyapigia mstari: bila haraka.

Nilipoyaona maneno hayo nililiweka daftari chini nikatoka nje. Mimi niliizunguka miji hiyo yote kwa siku tano, na sikuona hata mmoja.

Wewe ulikuwa hujaacha ziwa. Nilikuwa mpishi wa Mzungu mmoja pale Diani, mtu mwenye nyumba ya makuti na gari la kijani. Siku moja akasema anataka kuona miji ya kale ya pwani kabla hajarudi kwao, na mimi nifuatane naye kwa ajili ya chakula. Nilifurahi sana, kwa maana sikuwa nimevuka Mombasa maisha yangu yote. Niliwaambia watu wote wa mtaa. Nadhani nilimwambia hata fundi wa viatu.

Bwana alikuwa na kitabu kidogo na penseli. Kila mahali tulipofika alipiga mstari juu ya jina, kama mtu anayehesabu waliokwisha kula kwenye karamu. Ngome ya Mombasa wakati ule ilikuwa jela, kwa hiyo tuliitazama kwa nje, akapiga picha, askari akatuambia tusogee. Gede ilikuwa msitu na kuta zinazochungulia. Bwana alitembea humo dakika ishirini. Mimi nilitandika kitambaa juu ya ukuta ulioanguka, nikakata mkate, nikawa nafukuza siafu. Ukiniuliza leo Gede kuna nini, nitakuambia kuna siafu. Lamu tulivuka kwa mashua kutoka Mokowe, tukatembea barabara ya pwani kwenda na kurudi, tukaondoka siku ile ile. Niliporudi hapa mamako aliniuliza swali moja tu: "Watu wa Lamu wala nini?" Mimi mpishi, mwanangu. Sikujua. Nikamwambia wala samaki.

Lakini si hayo yaliyonifanya nikuandikie. Mtu anaweza kukosa kuona Lamu na akaishi.

Usiku wa kuamkia safari ile bibi yako, mama yangu, aliniita chumbani kwake. Wewe ulimjua bibi akiwa mzee, mpole, anakutafunia karanga. Mimi nilimjua akiwa na ulimi. Alikuwa na ndugu mmoja tu, mdogo wake, Riziki, aliyeolewa Malindi na fundi mwashi. Mama yao alipofariki, habari ilimfikia Riziki kwa kuchelewa, na njia ya siku hizo unaijua kwa kusimuliwa: kivuko hiki umekipata, kile umekikosa. Alifika siku ya tatu ya matanga, mzigo kichwani, vumbi mpaka kwenye kope. Bibi yako alikuwa ameketi katikati ya wanawake. Akamtazama, akamwambia mbele ya wote, "Karibu. Wali bado upo. Mliokuja kula, kaleni."

Riziki hakuutua mzigo. Aligeuka pale pale mlangoni akarudi njia aliyokuja nayo. Wanawake wakamkimbilia hadi barabarani, wapi. Ulimi uliponza kichwa, na kwa bibi yako uliponza ndugu. Tangu siku hiyo hawakuonana wala kupelekeana neno, miaka na miaka.

Basi usiku ule bibi alikuwa na leso mpya mkononi, doti nzima, ile ya nakshi ya korosho, nyekundu na nyeusi. Alikuwa amekwisha kuikata katikati. Kipande kimoja akakiweka chini ya mto wake, kimoja akanipa mimi.

Akasema, "Mpelekee Riziki. Mwambie neno lile nalilitamka mimi, na mkosa ni mimi, si yeye. Namuomba radhi. Akiniwia radhi aivae, nami n'tavaa yangu. Asiponiwia, irudishe. Lakini uniletee neno lake lenyewe. Wanisikia, Salim? Lenyewe."

Nikamwambia, "Nimesikia, mama. Amana yako itafika."

Wewe umekua na jambo hili hata huliulizi tena: mtu akikupa salamu umechukua amana, sawa na akikupa dhahabu. Ukifika unaitua, ukirudi unaleta jibu. Ndiyo maana mzee yeyote hapa hata leo, ukitoka safari, kabla hajakuuliza umeonaje anakuuliza, "Zilifika?" Mimi nililijua hilo vizuri kuliko nijuavyo chumvi.

Malindi tulifika alasiri. Bwana akaenda kulala kwenye hoteli yake, akaniambia nipo huru mpaka alfajiri. Nyumba ya mama mdogo ilikuwa mtaa wa Shela, mwendo wa mtu kumaliza kuvuta biri moja. Leso ilikuwa kwapani, imefungwa kwa gazeti. Nikashika njia. Na njiani palikuwa na duka la mpiga picha.

Unaijua picha ile. Umekua ukiitazama pale ukutani juu ya redio: mimi nimesimama na koti, mkono mmoja kwenye kiti, nyuma yangu kuna ngazi za kasri na chupa kubwa ya maua. Ulipokuwa mdogo ukiwaambia wenzako kwamba babako aliwahi kulala kasri la Malindi. Kasri lile ni kitambaa kilichopakwa rangi. Koti ni la duka, na mgongoni lilishikwa kwa vibanio vya nguo kwa kuwa lilikuwa pana. Foleni ilikuwa ndefu. Nilisema nitapiga picha halafu niende, ili mama mdogo anione nimetulia, nimekauka jasho la safari. Nikasubiri alasiri yote. Magharibi ikaadhiniwa nikiwa wa tatu. Nilipotoka giza limeingia, nikasema si adabu kumwingilia mtu usiku, nitakwenda alfajiri. Alfajiri Bwana alikuwa amekwisha kuwasha gari.

Sikiliza na haya, maana ningeweza kuyaficha na hungejua. Tuliporudi kutoka Lamu tulipita tena Malindi. Bwana akasimama kutia petroli. Akaniambia, "Robo saa." Robo saa ingetosha kufika Shela, kubisha hodi, kutoa leso na kusema maneno yale. Nilikimbia kwa mpiga picha kuchukua picha yangu.

Ukitaka kujua babako ni nani, ni mtu aliyekimbia upande ule.

Sina sababu ya kukupa. Nimeitafuta. Nilikuwa kijana mwenye safari ya kwanza, na nilitaka kurudi na kitu cha kuonyesha. Neno la bibi yako lingechukua muda, kilio, chai, maswali, na mimi nilikuwa na kiu ya kuhesabu miji. Ni hivyo tu.

Nilipofika nyumbani bibi alikuwa uani anachagua mchele. Hakuinua macho. Akauliza, "Zilifika?"

Nikasema, "Zilifika, mama."

"Kasemaje?"

Mwanangu, uongo wa kwanza hauhitaji akili. Ulitoka wenyewe, kama mtu anavyojibu "salama" huku anaumwa. Nikasema, "Kakuwia radhi. Kasema yamekwisha. Naye akuomba radhi kwa kuondoka vile."

"Kasema kwa kinywa chake?"

"Kwa kinywa chake."

"Na leso?"

"Kaivaa pale pale."

Bibi yako akautua ungo chini. Sikupata kumwona akilia kabla ya siku ile, hata kwenye matanga ya mama yake hakulia mbele za watu. Alilia akicheka, akaniuliza Riziki amenenepa au amekonda, ana wajukuu wangapi, nyumba ina milango mingapi. Nikajibu yote. Nikampa mama mdogo wajukuu watatu. Leso ilikuwa ndani ya sanduku langu, chini ya aproni, hatua kumi kutoka tulipokaa.

Watu husema njia ya mwongo ni fupi. Yangu ilikuwa ndefu. Kila Idi bibi alivaa kipande chake cha korosho, akijipitisha uani akisema, "Leo Riziki naye kavaa." Wewe mwenyewe ulikuwa ukimshika pindo. Kila Idi akauliza mbona Riziki haji, na kila Idi mimi nikawa na jibu: mvua imekata njia, mume anaumwa, kivuko cha Kilifi kimeharibika. Nilikiharibu kivuko kile mara nyingi kuliko serikali ilivyokitengeneza.

Kisha akaugua. Siku zake za mwisho wewe ulikuwa shuleni, na ulipokuja alikuwa hasemi tena. Kabla ya hapo aliniita. Akasema, "Mpelekeeni Riziki habari mapema, asichelewe tena mwenzenu."

Nikasema nimekwisha kupeleka.

Sikupeleka. Nifikirie pale. Kama ningepeleka angekuja, na angekuja hana leso, hana habari ya radhi wala ya salamu, na ndugu yake yuko hai bado wa kumuuliza. Hata bibi alipokata roho sikupeleka, kwa kuwa watu walikuwa wamejaa. Matanga yakaanza, yakaisha, na wanawake wakasema ndani, nikiwasikia kupitia dirisha, "Riziki huyo moyo wake jiwe. Ndugu kamuomba radhi, hata kumzika hakuja." Nilikuwa nimekaa mkekani napokea pole. Ningeweza kusimama. Nilisema "nishapoa" kwa kila aliyenipa mkono, na mahali fulani baina ya mkono mmoja na mwingine ndipo ganzi iliponiingia. Sikulia mazishini. Watu wakanisifu kwa subira.

Mara moja nilijaribu. Mwaka ule bendera ya uhuru ilipopandishwa watu wote walikuwa wakitembeleana, nikasema nami nitakwenda. Nilifika feri ya Likoni, nikaitazama inajaa, inaondoka, inarudi, inajaa tena. Nikarudi nyumbani nikamwambia mamako kwamba gari liliharibika Tiwi.

Wiki mbili zilizopita nilikuwa sokoni Kombani kununua mikeka ya hoteli ninayopikia siku hizi. Muuzaji alikuwa mzee wa Malindi. Nikamuuliza kama mtu anayeuliza bei, "Wamjua Bi Riziki wa Shela, mjane wa fundi mwashi?"

"Nani asomjua? Yupo. Macho yameingia ukungu, lakini yupo."

"Hutaja watu wa huku kusini?"

Mzee akakunja mkeka wake taratibu. "Hawataji. Akiulizwa kwao husema hana kwao, walimfungia mlango."

Nikalipa mikeka nikaondoka. Nilipofika nyumbani wewe ulikuwa mezani unaandika kwenye daftari: Malindi, usiku mmoja.

Jana nilimwambia mamako yote. Aliacha kukuna nazi. Hakuniuliza juu ya bibi, wala juu ya leso. Akauliza, "Na ile picha?" Nikasema, naam, ndiyo saa ile. Akanyanyuka, akaiangua ukutani, akaisimamisha sakafuni ikitazama ukuta. Leo asubuhi ulipouliza picha iko wapi alikuambia kioo kimelegea. Mamako si mwongo. Hilo amelisema kwa ajili yangu, na sitaki alirudie.

Sasa nikuambie barua hii ilikusudiwa kuwa nini. Nilipoanza, leso ilikuwa pajani, na bado ipo. Imekunjwa miaka kumi na saba na ina mistari ya mikunjo isiyotoka hata kwa pasi. Nilikuwa nimeamua kukupa wewe. Unapita Malindi, wewe ni msomi, una maneno mazuri, na mzee hawezi kumfukuza mtoto wa kike mwenye adabu. Tazama juu ya ukurasa huu wa mwisho, kuna mstari nilioukata kwa wino. Uliandikwa: "Ukifika mwambie Bi Riziki kwamba."

Hapo mkono ulisimama. Niliona bibi yako ananipa kipande cha leso usiku wa kuamkia safari yangu ya kwanza, na mimi moyo wangu wote uko barabarani. Hakukosea kuniamini. Lakini mzigo ule ulikuwa wake, akamtwika kijana aliyetaka kuona miji, na sasa mimi nilikuwa naufunga tena kwa kamba ile ile niuweke kichwani mwako. Wewe ungeutua, najua. Si kama mimi. Ila Malindi yako ingekuwa imekwisha, na kila ukiutaja mji ule mbele ya watoto wa shule ungemwona kikongwe mlangoni unayempelekea habari mbaya za babako.

Kwa hiyo nimeukata.

Safari yako iende kama ulivyoiandika. Sitakuambia haraka haraka haina baraka, hiyo unayo tayari kwenye leso za mamako. Nakuambia lile moja ninalolijua kwa kulikosa. Punguza. Ukiona umebakiwa na sehemu nne na siku moja, ziache tatu. Mpishi akishapalia wali, makaa juu na makaa chini, kazi yake ni kukaa mbali na kifuniko, na mimi nimewafukuza wasaidizi wengi jikoni kwa mkono unaowasha kufunua. Ngome sasa si jela, utaingia ndani nilikokatazwa. Kaa humo mpaka miguu ichoke. Mji wa Kale upotee mara moja hivi, uulize njia kwa mwanamke aliyekaa mlangoni, na akikukaribisha chai unywe, hata kama daftari linasema jioni uwe pengine. Gede keti juu ya ukuta. Nitazamie kama kuna kitu zaidi ya siafu. Na njia ya Lamu siku hizi si salama, sote twasikia habari za huko kaskazini. Ukiambiwa gari lingoje mengine yaende pamoja, ngoja, hata siku mbili. Lamu haitahama. Ukifika, mwandikie mamako kwamba watu wa kule wala nini. Anasubiri jibu hilo tangu ulipokuwa mgongoni.

Nina ombi moja kwenye daftari lako. Malindi umeandika usiku mmoja. Naomba uufanye mitatu.

Hoteli nimeomba ruhusa ya siku saba na wamenipa. Jumamosi jioni nitakuwa Mombasa, kwa shangazi yako. Siji nawe kesho kwa makusudi. Siku zile tatu ni zako, na mimi nikiwa karibu nitaanza kukuuliza umekula au hujala. Barua hii nitaichomeka kwenye daftari lako, ukurasa wa Mombasa, na utaisoma nikiwa sipo ili usilazimike kunitazama. Ukiona hutaki kusafiri na mtu wa namna hii, umwachie shangazi neno, nami sitauliza kwa nini. Nitapanda basi la siku ya pili yake nifike Malindi peke yangu. Nakwenda kwa vyovyote. Ila sitakuficha, nimeogopa kivuko cha Likoni mara moja, na mtu akiwa ubavuni kwangu huenda nisikiogope cha Kilifi.

Tukifika Shela usibishe hodi wewe. Nitabisha mimi. Leso nitaishika mimi. Nitamwambia ndugu yake alimuomba radhi, na alimuomba akiwa mzima mwenye nguvu zake, si kwa kuogopa kufa. Nitamwambia nani alizuia. Nitamwambia kwamba dada yake alivaa kipande chake kila Idi akidhani wamevaa wawili. Akitaka kunitukana anitukane, na ana haki ya kutumia maneno yale yale ya wali. Akitufungia mlango, wewe nenda kautazame mji, kauone ule msikiti wa pwani na makaburi yake marefu, mimi nitakaa kibarazani kwake. Nilisubiri alasiri nzima kupigwa picha nimevaa koti la watu. Mlango naweza kuusubiri. Na akikataa kuwia radhi hata siku ya tatu, basi nitalichukua neno lake lenyewe kama nilivyoagizwa, nije nalo hapa, nilisome juu ya kaburi la mama yangu, na leso yake niirudishe.

Nilipoukata ule mstari nilisikia kitu kifuani. Mguu ukifa ganzi hauumi, unauma unapoamka, na huu umeanza kuuma kidogo. Sikupendezwa. Lakini nilisikia, na nikakusikia wewe pia, unarudi, unacheka na mtu pale uchochoroni, na nikajua kwamba kesho saa kama hii sauti hiyo haitakuwepo. Nakupenda, Mwanasiti. Ningekuambia kesho kituoni kama ningekuwa na uhakika litatoka.

Mamako ananiita nikaonje mkate. Naifunga.

Umeona sasa kwa nini sikuanza na salamu. Nilidhani nitaziweka mwisho, ili nikupe uende nazo Malindi. Lakini salamu nilipewa mimi mara moja, na umejua zilikoishia. Safari hii sikupi salamu, mwanangu. Nipeleke mimi.

Babako,
Salim